Viti Kumi na Vitatu: Ni Akina Nani Wanaosimamia Shule Maalum?

Bodi ya shule ya bweni ikikaa kuzungumzia moto, mambo yanayotajwa huwa yanajulikana. Vizima moto vikaguliwe, ndoo za mchanga zijazwe, kengele itengenezwe, milango ya bweni ifunguke kwa nje, vyuma vya madirishani vitolewe. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unaingia hadi kwenye nafasi kati ya kitanda na kitanda: mita 1.2. Wajumbe wanapitisha, katibu anaandika, mkutano unafungwa kwa maombi.

Sasa tuseme shule hiyo ni ya viziwi. Kengele iliyopitishwa kwa kauli moja hakuna mtoto atakayeisikia. Bweni hilo linataka taa za ukutani zinazowaka na kuzima kwa haraka, mtu mzima aliye macho usiku kucha, na mazoezi ya kuamshana kwa kugusana gizani. Kama shule ni ya wasioona, kengele inafaa, ila sanduku lililoachwa katikati ya ujia laweza kumwangusha mtoto anayekimbia akifuata ukuta aliouzoea. Kama ni ya watoto wanaotumia viti vya magurudumu, mlango unaofunguka kwa nje hauna maana ikiwa unafungukia ngazi tatu.

Wajumbe wanaopitisha kengele katika shule ya viziwi si wazembe. Huenda mmoja ni mhasibu hodari, mwingine mchungaji anayependa watoto kwa moyo wote, mwingine mwalimu mkuu mstaafu mwenye heshima zake. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeletwa bodini kwa sababu anajua usiku wa bweni la watoto viziwi ulivyo. Sheria huwagawia watu viti kwa kuangalia wanamwakilisha nani, wala haiulizi sana wanajua nini. Katika shule ya kawaida pengo hilo linavumilika, kwa kuwa kila mjumbe aliwahi kuwa mwanafunzi wa shule kama ile anayoisimamia. Katika shule maalum, karibu wote wanaingia wakiwa wageni.

Sheria inasemaje

Nitaitumia Kenya, maana huko mgawanyo wa viti umeandikwa wazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliziondoa zile bodi za magavana za Sheria ya Elimu ya 1968, ambazo hadi leo watu wengi wanaziita BOG, ikaleta Bodi ya Usimamizi, yaani BOM, kwa kila shule ya umma. Wajumbe wanateuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Sita wanachaguliwa kuwawakilisha wazazi. Mmoja anapendekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti yenyewe. Mmoja anachaguliwa na walimu. Watatu ni wa mdhamini wa shule, yaani kanisa au shirika linaloilea. Mmoja anawakilisha makundi yenye maslahi maalum katika jamii, na mmoja anawakilisha watu wenye mahitaji maalum. Jumla ni kumi na watatu. Juu yao kuna mwakilishi wa baraza la wanafunzi anayeingia kwa wadhifa wake, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Bodi inaweza pia kuongeza watu wenye ujuzi inaouhitaji, wasiozidi watatu.

Orodha hiyo ni ileile iwe shule ni ya sekondari ya kitaifa yenye wanafunzi elfu mbili, au ni shule ya msingi ya watoto wenye ulemavu wa akili yenye wanafunzi tisini. Kiti cha watu wenye mahitaji maalum ni kimoja huku, na ni kimoja kule.

Kipime kiti hicho kwa Katiba. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kwamba angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa ni watu wenye ulemavu. Mmoja kati ya kumi na watatu ni kama asilimia 8. Kihesabu, bodi imevuka kiwango. Lakini katika shule ambayo kila mwanafunzi ana ulemavu, hesabu hiyo inamaanisha kwamba watu kumi na wawili wasio na ulemavu wanaweza kukaa kuamua maisha ya watoto mia mbili wenye ulemavu, wakiwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na bado wawe wametimiza sheria.

Tena sheria inasema mtu wa kuwawakilisha wenye mahitaji maalum. Haisemi kwamba yeye mwenyewe awe na ulemavu, wala haisemi ulemavu gani. Kiti hicho kinaweza kukaliwa na afisa wa shirika la misaada. Kinaweza kukaliwa na mwanamume aliyepata polio utotoni, anayetembea kwa magongo, katika shule ya viziwi ambako hawezi kumsalimia mtoto hata mmoja kwa ishara. Ana uzoefu mzito wa kubaguliwa na wa majengo yasiyofikika, na uzoefu huo una thamani yake. Lugha ya watoto hao ndiyo hana.

Mtu akiuliza bodi ina kazi gani hasa hata watu hawa wawe na uzito, jibu liko kwenye orodha ya majukumu ya bodi, na kipengele kinachopitwa haraka ni kile cha kuajiri na kuwalipa wafanyakazi wasio walimu. Walimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Lakini katika shule maalum ya bweni, anayemwogesha mtoto asiyeweza kujiogesha, anayembadilisha nguo saa nane usiku, anayemlisha kijiko kwa kijiko yule ambaye misuli ya koo inamsumbua asije akapaliwa, huyo si mwalimu. Ni mama wa bweni, mhudumu, mpishi, bawabu. Hao wanaajiriwa na bodi. Bodi ndiyo inayoamua kama bweni la watoto arobaini litakuwa na mhudumu mmoja au wanne, kama mhudumu huyo atachunguzwa alikotoka kabla ya kupewa funguo za bweni, na kama mshahara wake utamfanya abaki au aondoke kila muhula. Mtoto asiyeweza kusema, au anayesema kwa ishara ambazo askari wa kituo cha jirani hazijui, akidhulumiwa ana njia chache mno za kushtaki. Kwa hiyo anayeajiri ana dhamana kubwa kuliko jina la kamati linavyoonyesha.

Mdhamini alikotoka

Viti vitatu vya mdhamini haviwezi kueleweka bila historia. Shule nyingi za kwanza za watoto wenye ulemavu Afrika Mashariki hazikuanzishwa na serikali. Jeshi la Wokovu lilianzisha kazi ya wasioona Thika mwaka 1946, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kazi hiyo ikakua kuwa shule ya wasioona inayojulikana mpaka leo. Joytown, pale pale Thika, ikaja mwaka 1962 kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, na mlezi ni huyohuyo. Shule za viziwi za Mumias na Nyangoma zilianza mwaka 1961 chini ya Kanisa Katoliki. Ng'ambo ya mpaka hadithi ni hiyohiyo: Waanglikana walifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Wakatoliki wakafungua ya viziwi Tabora mwaka 1963.

Kwa hiyo mjumbe wa mdhamini mara nyingi anatoka upande ambao ulikuwapo kabla ya serikali kufika. Anajua kisima kilichimbwa na nani, na ni shirika gani la ng'ambo lilijenga chumba cha mazoezi ya viungo. Mara nyingi ardhi yenyewe ni ya kanisa, na hatimiliki iko kwenye kabati la dayosisi. Sheria ya 2013 inampa mdhamini nafasi ya malezi ya kiroho na ya kusaidia kwa fedha na majengo, huku ikimtaka alinde imani za wengine. Mvutano huja pale mdhamini anapotaka neno lake liwe la mwisho katika kumpata mwenyekiti au kumkataa mwalimu mkuu aliyeletwa.

Nina heshima kubwa kwa kazi hiyo ya makanisa. Walifungua milango wakati familia zilikuwa zikificha watoto vyumba vya nyuma. Lakini asili hiyo ina mzigo wake, na lazima usemwe. Shule iliyozaliwa kama tendo la huruma huendelea kufikiri kwa huruma hata baada ya elimu kuwa haki. Mjumbe mwenye fikra hizo hukasirika mzazi anapolalamika chakula ni kibaya. Huona kama kukosa shukrani. Hupanga siku ya wageni ambapo watoto huimba na kupiga picha na magunia ya unga, na haoni kwamba msichana wa miaka kumi na sita hataki picha yake akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu kilichochakaa iwekwe kwenye kalenda ya wafadhili. Mjumbe mwingine, wa kanisa lilelile, atauliza: je, huyu msichana aliulizwa? Wote wawili wametoka kwa mdhamini. Kwa hiyo haitoshi kujua mtu ametoka wapi. Inabidi kujua amewaona watoto hao kwa jicho gani.

Mzazi aliye mbali

Wazazi wana viti sita, karibu nusu ya bodi, na kwa karatasi hao ndio wenye nguvu. Uhalisia ni mwingine, na sababu yake ni jiografia.

Shule ya msingi ya kawaida hupokea watoto wa kijiji. Shule maalum hupokea watoto wa kaunti nzima, pengine wa kaunti kumi. Mtoto asiyeona kutoka Lodwar, mbali kaskazini-magharibi mwa Kenya, anaweza kusoma Thika, karibu na Nairobi. Mama yake akichaguliwa bodini, kila kikao kitamgharimu nauli ya siku mbili barabarani na mtu wa kumwachia watoto wengine. Matokeo yake yanatabirika. Wazazi wanaochaguliwa ni wale wanaoishi karibu na shule, au wenye gari, au wenye kazi inayowaruhusu kutoka. Wale ambao watoto wao wanabaki shuleni likizo kwa kukosa nauli, ndio wasiosikika kabisa.

Kuna tofauti nyingine ndani ya wazazi wenyewe. Katika shule ya ulemavu wa akili, mzazi wa kijana anayeweza kujipangia vitu vyake, kusema na kuuza mboga sokoni, hana matarajio sawa na mzazi wa mtoto asiyesema, asiyetembea na mwenye kifafa. Wa kwanza anataka karakana ya ufundi. Wa pili anataka mtu wa kumpa mtoto wake dawa ya kifafa saa ileile kila siku, muhula mzima, bila kuruka. Wa kwanza ndiye mwenye nafasi kubwa ya kugombea kiti, maana mwanawe amempunguzia mzigo kidogo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa hata wazazi wenyewe wamelala vitanda tofauti.

Tuongeze na hofu. Mzazi aliyezungushwa na shule tatu akiambiwa mtoto wake hafai, akapita kituo cha tathmini, akasubiri nafasi, hatimaye akaipata, je, atasimama kikaoni amkosoe mwalimu mkuu? Wengine husimama. Wengi hunyamaza, kwa sababu wanajua watarudi nyumbani na mtoto atabaki. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kila bodi ya shule maalum ingefaidika na mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kumaliza shule hiyo. Huyo hana cha kupoteza, na anajua kitu ambacho wengine bado hawajakiona: kilichompata mtoto baada ya kutoka getini.

Uingereza imelifikiria hilo kwenye kanuni zake. Bodi za shule za umma chini ya kanuni za mwaka 2012 zinatakiwa kuwa na watu wasiopungua saba, angalau wawili wakiwa wazazi. Lakini kwa shule maalum, wasipopatikana wazazi wa wanafunzi waliopo, kanuni zinaruhusu mzazi wa aliyewahi kusoma hapo, au mzazi wa mtoto mwingine mwenye mahitaji ya aina inayohudumiwa na shule hiyo, au mzazi mwenye uzoefu wa kumsomesha mtoto wa aina hiyo. Ni sentensi chache za kisheria, lakini zinakiri kwamba uzoefu huo ni ujuzi. Shule hizo pia zinatakiwa kuwatangazia watu majina ya wajumbe, nani aliwateua, muda wao, biashara wanazohusika nazo na mahudhurio yao vikaoni. Mzazi hahitaji kumbembeleza mtu yeyote ili ajue bodi ya mwanawe ina nani.

Huko nako wameteleza kwa upande mwingine. Mkazo wa miaka kumi na zaidi iliyopita umekuwa kutafuta wajumbe wenye taaluma: wanasheria, watu wa benki, mameneja. Mwaka 2016 serikali ilipendekeza hata kuondoa sharti la kuwa na wazazi kwenye bodi za shule zilizotoka mikononi mwa serikali za mitaa. Wazazi na walimu walipinga, pendekezo likaachwa. Fikra iliyokuwa nyuma yake ilikuwa kwamba mzazi si mtaalamu. Aliyemlea mtoto mwenye usonji miaka kumi na minne, akajifunza ni sauti gani inamfanya apige kichwa ukutani na ni nini humtuliza, akiambiwa si mtaalamu, neno hilo limepotea maana.

Mwalimu mstaafu, mhasibu, muuguzi

Mwalimu mkuu mstaafu hupendwa sana na bodi zetu. Anajua nyaraka, anajua wakaguzi wanataka nini, anajua mgao wa serikali huchelewa mwezi gani. Hatari yake ni kipimo anachokuja nacho. Amekaa miaka thelathini akihesabu wastani wa alama. Swali lake la kwanza bodini ni: mtihani wa kitaifa tulikuwa wa ngapi? Kwa shule ya wasioona swali hilo ni halali kabisa, tena linafaa kuulizwa kwa ukali, maana watoto hao wanaweza kufanya mtihani uleule wakipewa vitabu vya breli kwa wakati. Kwa shule ya watoto wenye ulemavu wa akili, swali hilo linaua. Mtaala wa sasa wa Kenya una njia ya pekee kwa wanafunzi wasiofuata madarasa ya kawaida, wanaosonga kwa hatua: kujihudumia, kuwasiliana, kutembea, kisha kazi za mikono. Mtoto aliyejifunza kufunga vifungo vya shati na kwenda msalani peke yake amepiga hatua itakayobadilisha maisha ya mama yake kila asubuhi. Bodi isiyojua kuyasoma mafanikio hayo itamwona mwalimu wake kama hafanyi kazi.

Mhasibu anahitajika, na sitamtetea sana kwa sababu faida yake inajulikana. Mtu wa ujenzi naye anahitajika, kwa sharti moja: asiwe na zabuni hapo. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inakataza mgongano wa maslahi, lakini mjumbe ambaye shemeji yake ndiye anauza mahindi kwa shule hupatikana kila mahali, na shule maalum zina ununuzi ambao ni rahisi kupandishiwa bei. Wajumbe wengi wanajua gunia la maharagwe ni kiasi gani. Mashine ya breli je? Karatasi nzito za breli, betri za vifaa vya kusikia, matairi ya viti vya magurudumu? Anayejua bei hizo kwa kawaida ni mtu anayevitumia, na mara nyingi hayupo kwenye meza.

Anayekosekana zaidi, na hana kiti kisheria, ni mtu wa afya. Chukua mtoto mmoja aliyezaliwa na mgongo wazi. Wengi wao hawahisi kibofu kikijaa, kwa hiyo mkojo hutolewa kwa katheta, yaani mrija mwembamba, kila baada ya saa tatu au nne, mchana wote, na mtoto mwenyewe anaweza kufundishwa kujifanyia. Anahitaji maji safi, sabuni, chumba chenye mlango unaofungwa, na ruhusa ya kutoka darasani bila kuchekwa. Asipofanya hivyo mkojo hurudi kwenye figo, na figo zikiharibika ndizo zinazomuua. Pengine ana mrija kichwani wa kupunguza maji, na siku akiumwa kichwa na kutapika, mhudumu anatakiwa ajue kwamba hiyo si malaria ya kusubiri hadi Jumatatu. Miguu yake haina hisia, kwa hiyo kidonda cha kukalia kinaweza kufika mfupani kabla hajalia.

Bodi inapogawa bajeti ya vyoo, inamgawia mtoto huyu figo zake. Muuguzi mmoja wa hospitali ya kaunti, au mtaalamu wa fiziotherapia, akiongezwa kwenye zile nafasi tatu za wenye ujuzi, angeisema hiyo kwa dakika tano na ingeeleweka. Nafasi zipo. Zinabaki wazi, au anaingizwa mfanyabiashara ambaye bodi inatumaini atachangia basi la shule. Basi ni kitu kizuri. Lakini ningependa kuona bodi ikieleza, kwa maandishi, ni ujuzi gani inaukosa kabla ya kutaja jina la mtu.

Kiti kinachobadilisha mazungumzo

Machi 1988 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington walifunga malango ya chuo chao. Gallaudet ni chuo cha viziwi. Hati yake ilitiwa saini na Abraham Lincoln mwaka 1864, na ndani ya eneo lake kuna shule za watoto viziwi pia. Kwa miaka 124 hakikuwahi kuongozwa na kiziwi. Mwaka huo wagombea watatu walibaki kwenye orodha ya kuwa rais wa chuo. Wawili walikuwa viziwi: Harvey Corson, aliyekuwa akiongoza shule ya viziwi ya Louisiana, na I. King Jordan, mkuu wa kitivo hapohapo chuoni, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 21 katika ajali ya pikipiki. Bodi, ambayo wengi wake walikuwa watu wanaosikia, ilimchagua wa tatu, Elisabeth Zinser, anayesikia na asiyejua lugha ya ishara.

Watu hukumbuka kwamba wanafunzi walidai rais kiziwi. Madai yao yalikuwa manne, na mawili yalihusu bodi yenyewe: mwenyekiti Jane Bassett Spilman ajiuzulu, na viziwi wawe asilimia 51 ya wajumbe. Walikuwa wameelewa kwamba rais huja na kuondoka, lakini anayemchagua rais ni bodi. Katika wiki moja Zinser alijiondoa, Spilman akajiuzulu, Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi, na Philip Bravin, kiziwi, akawa mwenyekiti wa bodi.

Shule zetu za viziwi hazijafika hapo, na sioni sababu zisifike. Tunao viziwi waliosoma, walimu, mafundi, wazazi wenye familia. Katiba ya 2010 inaitaka serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na Bunge linaitambua kuwa lugha rasmi ya shughuli zake pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo mwalimu anaweza kupelekwa shule ya viziwi bila kujua ishara za kutosha, akajifunza kutoka kwa watoto anaopaswa kuwafundisha. Mjumbe anayesikia huliona hilo kama upungufu mmoja kati ya mingi, uandikwe, upelekwe TSC. Mjumbe kiziwi anajua maana yake kwa mwili wake: mwaka mzima wa kukaa darasani ukitazama mdomo unaotembea.

Lakini kumpa kiti hakutoshi. Tazama kikao chenye mjumbe kiziwi mmoja na mkalimani mmoja. Watu wawili wanaongea kwa pamoja. Mikono ya mkalimani inamfuata mmoja na kumwacha mwingine. Mwenyekiti anasema neno la kuchekesha, wote wanacheka, mkalimani anaanza kulieleza wakati mjadala umekwisha kuhamia karo. Mjumbe anainua mkono kuchangia jambo la pili la ajenda, anaambiwa tuko la tatu. Baada ya saa mbili mkalimani amechoka na hana wa kumpokea. Kumbukumbu zitaonyesha kwamba mjumbe alihudhuria. Hazitaonyesha kwamba alikosa nusu ya kikao. Kama mkalimani hakuletwa kabisa kwa sababu bajeti haimtaji, basi kiti kilikaliwa na mtu aliyewekwa pale kwa ajili ya orodha tu. Vivyo hivyo kwa mjumbe asiyeona anayepewa hesabu za mwaka zilizochapishwa kwenye karatasi dakika kumi kabla ya kupiga kura, na kwa mjumbe wa kiti cha magurudumu ambaye ofisi ya mkutano iko ghorofani. Bodi ya shule maalum ambayo yenyewe haifikiki haitajua kuzifanya shule zifikike.

Suala la wanawake ni la namna hiyohiyo. Mama ndiye kwa kawaida anayembeba mtoto mwenye ulemavu kliniki, anayeachwa pengine na mume baada ya mtoto kuzaliwa, anayejua kila daktari kwa jina. Katiba inakataza zaidi ya theluthi mbili za wajumbe kuwa wa jinsia moja, na bodi nyingi hujitahidi kufika hapo. Kisha kina mama hao wanapewa kamati ya chakula na usafi, na wanaume wanabaki na fedha na ujenzi, mahali ambapo wahudumu wangapi wa bweni waajiriwe huamuliwa.

Haya yote yanagusa pia shule za kawaida zenye vitengo maalum, ambako watoto kumi na watano wenye usonji na ulemavu wa akili wana darasa moja nyuma ya jiko katika shule ya watoto mia nane. Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasukuma kuelekea huko, kwenye elimu jumuishi, na naiunga mkono. Katika bodi za shule hizo mjumbe mmoja wa mahitaji maalum ndiye ukuta pekee kati ya kitengo na tamaa ya kukitumia chumba chake kama stoo.

Mzazi anayetaka kuijua bodi ya shule ya mwanawe aanze kwa kuomba majina na viti: nani ni wa wazazi, nani ni wa mdhamini, nani anakalia kile kiti kimoja, na ni akina nani walioongezwa kwa ujuzi, ujuzi gani. Mwalimu mkuu ndiye katibu, kwa hiyo anayo orodha. Akisita, ofisi ya elimu ya kaunti inayo, maana Bodi ya Elimu ya Kaunti ndiyo iliyowateua. Aulize pia mkalimani au nyaraka za breli zimetengewa fedha katika bajeti ya vikao au la. Na kwa kuwa mwakilishi wa wanafunzi naye ni mjumbe kwa wadhifa wake, aulize ni mtoto gani, alichaguliwaje na wenzake, na mara ya mwisho aliitwa kikaoni lini.